Upande Usiotoka Jasho

8 Februari 1993

Kaka yangu,

Shikamoo. Habari za huko na vumbi lenu la mbao? Barua hii usiisome umesimama. Kaa kwanza.

Juzi nimetoka hospitali. Ile miguu iliyokuwa ikivimba, niliyokuwa nikisema ni ya kusimama na pasi kutwa, kumbe ni figo. Zimegoma. Daktari anasema damu yangu itabidi isafishwe kwa mashine mara mbili kwa wiki. Ili mashine iipate hiyo damu, wamenitia mpira shingoni, upande wa kulia, kwenye mshipa mkubwa. Kwa nje umetokeza vichwa viwili vyenye vifuniko, kama chuchu za mbuzi. Binti yangu alipoviona mara ya kwanza alitoka nje kidogo, akarudi akijifanya alikwenda kunawa.

Nilikubali shingo upande, na shingo upande ndivyo walivyonilaza: kichwa chini, miguu juu, uso umegeuzwa kushoto. Wakanifunika kitambaa kikubwa cha kijani, uso na kifua, chenye tundu pale pa kuchoma tu. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliniambia, "Mama, usitikisike, usiongee, mpaka nikwambie." Nikatii. Akautafuta mshipa mara ya kwanza, ya pili, sijui ya ngapi. Ukiwa chini ya kitambaa hujui kitu. Unasikia vidole, na watu wanaongea kama wako chumba cha jirani.

Sasa niko nyumbani najikaza. Sauti tu ndiyo imekauka, naongea kama niliyemeza majivu. Wanasema itarudi. Usihangaike kwenda posta kunipigia simu. Wewe husikii, mimi sisikiki. Tumepatana. Tuendelee na barua kama tulivyozoea tangu misumeno ilipokula masikio yako.

Pasi ya marehemu mume wangu bado iko mahali pake, upande wa pili wa meza. Sijaiondoa.

Dada yako mdogo,
Dobi


15 Februari 1993

Mdogo wangu Dobi,

Marahaba. Nilikaa kama ulivyosema, juu ya gogo, na nimesoma barua yako mpaka msimamizi akaja kuniuliza kwa ishara kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna. Sikupenda alivyouliza.

Pole sana. Utotoni mama alikuwa akisema wewe hata ukilala unanong'ona, hajui atakunyamazisha na nini. Mpira umeweza kazi iliyomshinda mama. Natania, lakini waulize hao madaktari. Koo na shingo ni chumba kimoja. Kwa nini mpira uingie kwenye mshipa wa damu na sauti ndiyo ikauke?

Halafu jambo lingine. Umeandika kwamba hujui alichoma mara ngapi, kisha ukaruka moja kwa moja mpaka nyumbani. Nakujua ukiruka jambo. Katikati kulikuwa na nini?

Likizo yangu haifiki mpaka Aprili. Nimenoa misumeno yote ya mstari wa kwanza ili nikiomba ruhusa mapema wasipate la kusema. Pasi nzito usiinue. Mwachie mpwa wangu.

Kaka yako,
Kiziwi


22 Februari 1993

Kaka,

Shikamoo. Katikati hakukuwa na kitu. Wewe nawe, kukosa masikio kumekufanya usikie hata yasiyosemwa.

Kwenye mashine nimekwenda kila siku niliyopangiwa. Miguu imepungua. Sauti inakuja kidogo na kuondoka. Kioo cha chumbani nimekigeuza kitazame ukuta, kinanitia kizunguzungu.

Nataka kukuuliza jambo, na usilikuze. Siku ile marehemu alipoanguka, wewe ndiye uliyekuwa naye mezani mnakunywa chai. Mimi nilikuwa nje naanika mashuka. Kabla hajaanguka, uso wake ulikuwaje? Jicho ndilo lililoanza? Na alikuwa akitoka jasho pande zote mbili, au upande mmoja?

Ni kwamba namkumbuka tu, mwaka unakaribia. Tulipokuwa tukipiga pasi tukitazamana, alikuwa akiona jasho limenifika kwenye nyusi, ananyoosha mkono juu ya meza ananifuta. Mimi mikono yote ilikuwa na kazi, na tone likianguka kwenye shati jeupe ni kulifua upya. Lake nilimfuta mimi. Hakuna aliyesimamisha pasi yake. Sasa nafunga kitambaa kwenye paji la uso, lakini si sawa.

Unijibu upesi.

Dada yako,
Dobi


1 Machi 1993

Mdogo wangu,

Nimekaa na swali lako muda. Tangu siku ile hukuwahi kuniuliza, nami sikutaka kukuanzia. Lakini mtu akifiwa hutaka kujua, na ni haki yako kujua.

Ndiyo, jicho ndilo lililoanza. La kulia. Kope lilishuka kidogo kidogo, kama la mtu mwenye usingizi. Nikamtania, "Shemeji, unanikonyeza mimi?" Akacheka. Alipocheka, chai ikamtoka pembeni ya mdomo ikashuka kwenye shati, naye hakuwa na habari. Mimi nikazidi kucheka, nikidhani ananitania. Halafu kikombe kikaanguka, na upande wote wa kulia ukamkatalia. Yaliyofuata uliyaona mwenyewe.

Jasho sikuangalia. Kwa nini umeuliza jasho? Hilo nimelala nalo.

Nimeandika haya taratibu, na wewe yasome taratibu.

Kaka yako,
Kiziwi


9 Machi 1993

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajui kwamba nakuandikia.

Tangu ilipofika barua yako ya mwisho, mama hajakwenda tena kwenye mashine. Nimembembeleza, nimelia, nimemwita shangazi wa jirani aje kuzungumza naye. Anasema mpira unamnyonya upande wa kulia, na kila akilala kwenye mashine anarudi upande huo umekufa zaidi. Sijui ulimwandikia nini. Barua yenyewe ameilaza chini ya pasi ya baba.

Nikueleze nilichokiona. Tangu alipotiwa mpira, kope la jicho lake la kulia limeshuka. Alinificha kwa kufunga kilemba mpaka karibu na jicho, akisema kichwa kinamuuma. Wiki iliyopita alikuwa akipiga pasi suruali za walimu, chumba kina joto kali, nikaona jasho linamtiririka upande wa kushoto mpaka kidevuni. Upande wa kulia ulikuwa mkavu kabisa. Mjomba, ilikuwa kama mtu amempigia mstari katikati ya uso kwa rula. Nilisimama na ndoo mkononi. Akaona kwamba nimeona. Akasema, "Nusu imeshatangulia kwa baba yako." Alilisema vile anavyosema mkaa umekwisha.

Sasa miguu imejaa tena, imefika magotini. Akilala chali pumzi inamkata, kwa hiyo analala ameketi, mgongo ukutani. Mimi nimehamia mlangoni pa chumba chake, nasikiliza anavyovuta pumzi. Nikiacha kuisikia naingia kugusa mguu wake.

Nikitaja hospitali anasema, "Wakanimalizie na nusu iliyobaki?" Siwezi kumbeba kwa nguvu, na sijui kama nina haki. Niambie la kufanya.

Mpwa wako


TELEGRAMU
13 Machi 1993

MPELEKE MAMA HOSPITALI LEO. KUKOSA MASHINE NDIKO KUTAMUUA. AMWONYESHE DAKTARI JICHO NA JASHO. AKIKATAA MWAMBIE NAJA KUMBEBA. MJOMBA


13 Machi 1993

Mdogo wangu,

Telegramu itatangulia, barua hii itafuata. Naomba ikukute.

Kosa langu naliona sasa. Nilikueleza habari za marehemu, kumbe ulikuwa ukiuliza habari zako mwenyewe. Ile chai nilikumiminia wewe.

Barua ya mpwa wangu niliipeleka kwa nesi wa zahanati ya kiwandani. Usimgombeze mtoto kwa kuniandikia. Nesi aliisoma, akachukua karatasi akaniandikia maswali, maana kunipigia mimi kelele ni kazi bure. Mdomo umepinda? Mkono wa kulia unashika? Mguu unakanyaga? Nikamjibu kwamba kwa barua ile bado unapiga pasi suruali za walimu. Akatikisa kichwa, akaandika tena. Karatasi ninayo hapa:

"Mimi si daktari na sijamwona. Lakini pembeni ya ule mshipa wa damu shingoni inapita mishipa ya fahamu. Upo unaoinua kope na kutoa jasho la uso. Upo wa sauti. Ipo ya mkono. Sindano ikigusa, au damu ikivuja ikavimba hapo, inaibana. Inaweza kuwa hivyo. Inaweza pia kuwa kitu kingine. Daktari amtazame upesi, asifiche kitu. Na mashine asiiache hata mara moja."

Chini akaongeza swali: "Wakati anachomwa, hakusikia kama umeme mkononi?"

Nikamwambia hujaniambia. Sasa nakuuliza mimi. Katikati kulikuwa na nini?

Kiziwi wako


17 Machi 1993

Kaka,

Shikamoo. Nimekwenda. Binti alinishikia ile telegramu mbele ya jicho zima, nikacheka kwanza. Ulivyo mwembamba, ungenibeba wapi? Lakini nilipotaka kuinuka kucheka vizuri, pumzi ikagoma, nikaogopa. Tulikodi gari la jirani anayeuza magodoro. Nimelala juu ya magodoro mapya mpaka hospitali, kama bibi harusi.

Katikati kulikuwa na umeme. Sindano ilipoingia mara ya pili, au ya tatu, shoti ilinishuka kutoka shingoni ikapita begani mpaka kwenye kidole gumba, mkono ukaruka wenyewe. Daktari akasema, "Tulia, mama." Nikang'ata kitambaa. Niliambiwa nisiongee, na nilidhani ndivyo mpira unavyoingia kwa kila mtu. Kesho yake kope likashuka na sauti ikaondoka. Nikajua ni kile kile cha marehemu, kimenifuata polepole. Sikukwambia kwa sababu ungesema mpira utolewe, na ukitolewa nakufa. Sikumwambia daktari kwa sababu angesema kweli ni hicho.

Safari hii nimetazamwa na daktari mwanamke, mtu mzima. Alifungua kilemba changu mwenyewe. Akazima taa, akanimulika macho kwa tochi. Mboni ya kulia imekuwa ndogo kama kichwa cha pini, ya kushoto iko sawa. Akanipitishia kidole kwenye paji la uso, huku na huku, akasema, "Huku pakavu. Tangu lini?" Nikamwambia yote, pamoja na umeme. Wamenipiga picha ya kichwa, na kichwa ni kizima. Si kiharusi. Damu ilivuja shingoni ikaganda, ikabana mishipa ya fahamu, vile vile alivyoandika nesi wako. Anasema inaweza kurudi baada ya miezi, na inaweza isirudi.

Hilo ningelipokea. Kilio changu ni kingine. Kwa kuwa niliacha kwenda, damu imegandia ndani ya ule mpira na umeziba. Wameutoa. Wamenitia mwingine pajani, lakini huo ni wa siku chache tu, na nao siwezi hata kuketi vizuri. Baada ya hapo lazima urudi shingoni, mpaka watakapoweza kuniunganishia mishipa ya mkono. Na sasa ni upande wa kushoto.

Nikamwuliza, "Na huku nako mkigusa?"

Akasema hatanificha. Mshipa wa sauti wa kulia umelegea tayari. Wa kushoto nao ukiumia, koo linaweza kushindwa kufunguka, nikakosa pumzi. Ni nadra, anasema, naye atakuwa mwangalifu, atachoma mwenyewe.

Sijatia saini. Karatasi iko kwenye kabati la kitanda, nimeifunika kwa sahani. Kaka, naogopa. Sindano siiogopi sana. Naogopa kile kitambaa, na najiogopa mimi niliye chini yake. Daktari ameniambia nikisikia umeme niseme. Nitasemaje? Sauti yenyewe haivuki shuka. Na najijua: mtu mwenye koti jeupe akishaniambia tulia, nitatulia mpaka nife.

Dobi


20 Machi 1993

Mdogo wangu,

Barua hii namkabidhi dereva wa lori letu la mbao, anapita huko kesho. Mimi nafuata na lori la pili. Ruhusa nimepewa, msimamizi alinitazama usoni akasaini bila kusoma.

Usitie saini, wala usikatae, mpaka nifike.

Nimefikiria mambo yako nikiwa nanoa. Nikinoa siangalii, napitisha kidole, na jino lililopinda nalijua kabla jicho halijaliona. Hiki ndicho nilichobaki nacho. Sasa sikiliza. Kitambaa kinafunika uso na kifua, hakifiki miguuni. Nitamwomba daktari nisimame miguuni pako. Nitanawa, nitavaa watakachonivisha. Wewe sauti huna, mimi masikio sina, kwa hiyo maneno tuwaachie wenyewe. Nitashika kidole gumba cha mguu wako. Ukisikia umeme, hata mdogo, kikunje. Hiyo si kuongea, na si kutikisika. Hakuna atakayekuona mkosefu wa adabu.

Unakumbuka tulivyolala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, kwenye kile kitanda cha kamba? Mama akizima taa ulikuwa ukiogopa giza, nami nilikushika kidole hicho hicho mpaka ulale. Ulikuwa ukikikunja kila mara kujua kama bado niko macho. Mara nyingine nilikuwa nimeshalala, lakini nilikuwa nikijibu.

Naja.

Kaka yako


6 Aprili 1993

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Kiwandani wameniuliza nimemwachaje mgonjwa, nikawaonyesha dole gumba juu, wakaenda zao. Lakini mimi sijamaliza, na kwa kuwa pale hospitali tulikuwa na watu wakati wote, acha niandike.

Nilipoingia chumba kile niliogopa kuliko nilivyomwambia mpwa wangu. Kwangu dunia ni kimya siku zote, lakini kule hata midomo sikuiona, wote wameifunga. Nikaona kilima cha kitambaa cha kijani, na kwa chini miguu yako, na nyayo zako zina ile mipasuko ya kusimama. Sikuiangalia sindano. Nilifumba macho nibaki na kidole tu. Kilikuwa cha baridi. Nikapitisha changu juu yake kama ninavyofanya kwenye msumeno, nikangoja.

Kikakunjika.

Sijui nilipiga kelele kiasi gani. Kiziwi hajui sauti yake. Nilidhani nimesema "Acha" kwa adabu. Nilipofumbua macho, daktari alikuwa ameinua mikono yote miwili, sindano nje, na nesi anaokota trei sakafuni. Wote wananitazama mimi. Nikaonyesha mguu wako. Daktari akainama chini ya kitambaa akaongea nawe, akakugusa mkono, akakaa muda mrefu, naona mabega yake yakipanda na kushuka. Ndipo akaanza tena, mahali pengine kidogo.

Mara hiyo kidole kilitulia. Kilitulia mno. Nikawaza, wameniachia mguu tu, mwenyewe ameshaondoka. Nikakitekenya. Ukarusha teke, na daktari akanitazama kwa namna ambayo hata kipofu angeielewa.

Sasa nijibu, na usiruke. Upande wa kushoto ukoje? Nimeondoka kope likiwa mahali pake, lakini hata mara ya kwanza lilingoja mpaka kesho yake. Kila nikiona mtu wa posta anaingia getini, mkono unaniganda kwenye tupa ya kunolea.

Kiziwi wako


19 Aprili 1993

Kaka,

Shikamoo. Siruki.

Upande wa kushoto ni mzima. Kope limesimama, mkono unashika, jasho linatoka. Sauti ni ile ile ya majivu, haikuongezeka wala kupungua. Wa kulia haujabadilika. Daktari anasema tusubiri, na hakuniahidi kitu, nami nimempenda kwa hilo. Kioo nimekigeuza tena kitazame chumba. Kila asubuhi, kabla sijasalimiana na mtu, nakwenda kujihesabu usoni. Siku hizi naogopa mara moja tu kwa siku, asubuhi. Lakini naogopa kweli kweli.

Wodini umeacha jina. Manesi wanakuita King'ora. Wanasema korido nzima ilisimama, hata bibi wa kitanda cha jirani, ambaye hajasema neno tangu aletwe, aliuliza, "Kuna nini?" Mwanawe amekushukuru. Nami nikwambie jambo: chini ya kitambaa nilisikia umeme, nikataka kuuvumilia. Nilisema moyoni, pengine ni mdogo, pengine wanajua. Kidole kilijikunja chenyewe, kama kwenye kile kitanda cha kamba. Mimi sikukiamuru.

Mwaka wa marehemu umepita wiki iliyopita. Hatukufanya jambo kubwa. Jana nilipoingia chumba cha kazi nikakuta binti ametia mkaa kwenye pasi ya baba yake. Hakuniuliza. Akasimama upande wake wa meza, tukaanza na mashuka. Kulikuwa na joto. Likanifika jasho kwenye nyusi ya kushoto, na mikono yangu yote ilikuwa na kazi. Akanyoosha mkono juu ya meza akanifuta. Halafu akafuta na upande wa kulia.

Nikamwambia, "Huko ni kukavu."

"Najua," akasema. Akaendelea kufuta polepole, shavu mpaka chini ya sikio, karibu na kovu, na pasi yake haikusimama.

Dada yako mdogo,
Dobi